Aliyeshika Kamera ni Nani Kwao?

Katika filamu Incident at Restigouche ya mwaka 1984 kuna mahojiano ambayo hata leo nikiyatazama mwili unanisisimka. Alanis Obomsawin, mwongozaji wa filamu hiyo na mwanamke wa Kiabenaki, moja ya jamii asilia za Kanada, ameketi ana kwa ana na Lucien Lessard, aliyekuwa waziri wa uvuvi wa jimbo la Quebec, Kanada. Miaka mitatu kabla, mwezi Juni 1981, mamia ya polisi walivamia eneo la Wami'kmaq, jamii asilia nyingine, la Listuguj, kando ya mto Restigouche, mara mbili ndani ya siku kumi. Kisa kilikuwa nyavu za samoni. Serikali iliwataka wapunguze uvuvi, wao wakasema mto huo wanauvua tangu enzi za mababu na hawaombi ruhusa kwa mtu. Watu walipigwa, wakaburutwa, wakatiwa pingu. Sasa Obomsawin anamtaka waziri ajieleze.

Tumezoea filamu za hali halisi ambazo mwulizaji hujificha. Sauti yake hukatwa, uso hatuuoni, tunabaki na majibu tu. Obomsawin hajifichi. Anaonekana, anasikika, na hasira yake inasikika. Waziri aliwahi kumwambia mkuu wa Wami'kmaq kwamba watu wanaodai mamlaka ya kujitawala sharti wawe na ardhi yao, lugha yao na utamaduni wao. Obomsawin anamrudishia maneno hayo usoni: wageni walipofika hapo, nani aliwauliza hati za ardhi na utamaduni? Na hii ni Quebec, ambayo mwaka 1980 ilikuwa imepiga kura ya maoni kuhusu kujitenga na Kanada kwa hoja hizo hizo za lugha na utamaduni wake.

Filamu hiyo niliitazama na mama yangu, nikimfasiria maneno hapa na pale. Hakusema kitu mpaka tulipofika kwenye mahojiano hayo, ndipo akauliza, "Huyu mama anayemgombeza waziri, ni nani kwao?"

"Si wa kabila lao, mama, ila naye ni wa asili kama wao. Wanapakana."

"Ndiyo maana," akasema, akaendelea kutazama.

Swali hilo limenikaa. Nimetazama filamu nyingi kuhusu jamii asilia za Kanada, Brazili, Nyuzilandi na kwingineko, na siku hizi ndilo ninalotanguliza: aliyeshika kamera ni nani kwao? Siulizi damu yake peke yake. Nauliza kama filamu ikiisha atabaki na deni kwa watu aliowapiga picha, kama wanaweza kumfuata nyumbani wakamwambia "hapa ulituonea," na kama angefungua mlango.

Flaherty asingeulizwa swali hilo na mtu yeyote wakati wake. Mwaka 1922 Mmarekani huyo, Robert Flaherty, alitoa Nanook of the North, filamu inayofundishwa mpaka leo kama chimbuko la filamu za hali halisi. Mhusika mkuu hakuitwa Nanook, aliitwa Allakariallak. Mwanamke tunayeambiwa ni mkewe hakuwa mkewe. Nyumba ya theluji ilijengwa upande mmoja ukiwa wazi ili mwanga uingie na kamera ipate nafasi. Na kuna mahali Allakariallak anaonyeshwa santuri kana kwamba hajawahi kuiona, anaitia mdomoni, anaing'ata, na watazamaji wa miji mikubwa wakacheka. Kumbe santuri aliijua. Kinachonichoma zaidi ni kwamba Wainuit, watu wa Allakariallak, wenyeji wa kaskazini kwenye barafu, ndio waliomsaidia Flaherty kusafisha filamu na kukarabati kamera zilipoharibika kwa baridi. Walikuwa mafundi wake, naye akawaonyesha duniani kama watu wanaoduwazwa na mashine.

Baada ya hapo ziko kwenye maktaba za dunia filamu nyingi za namna hiyo, nyingine zimetengenezwa kwa upendo wa kweli. Upendo wa mgeni si kitu kibaya. Ila mgeni huondoka.

Mwaka 1981 Zacharias Kunuk, mchonga vinyago vya mawe kutoka Igloolik, kaskazini kabisa mwa Kanada, alipeleka vinyago vyake Montreal, akauza, akarudi kwao na kamera ya video. Igloolik wakati huo haikuwa na televisheni, na si kwamba mitambo haikuweza kufika. Wakazi walipiga kura mara mbili, 1975 na 1979, kuikataa, kwa sababu hapakuwa na vipindi kwa lugha yao, Kiinuktitut. Waliikubali mwaka 1983. Mimi naona kura zile mbili ni sehemu ya historia ya filamu sawasawa na tuzo yoyote ya tamasha la filamu la Cannes, ambayo Kunuk naye aliipata baadaye kwa filamu ya hadithi. Watu wachache, katika giza la miezi ya baridi, wakakataa burudani ya bure kwa kuwa ilikuja ikiwa imewasahau. Mwaka 1990 Kunuk na wenzake wakaanzisha kampuni ya Isuma, na wazee waliokuwa bado wanakumbuka maisha ya kuhamahama wakawa washauri, waigizaji na waamuzi wa nini kiko sawa na nini kimekosewa, tangu namna ya kufunga mbwa wa sleji hadi mshono wa ngozi.

Lakini nirudi kwa Obomsawin, maana kwake ndiko nilikojifunzia kutazama. Alizaliwa mwaka 1932, akakulia Odanak, kijiji cha Waabenaki huko Quebec, na baadaye Trois-Rivières. Kabla ya filamu alikuwa mwimbaji na msimulizi wa hadithi. Watayarishaji wa Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada walimwona kwenye kipindi cha televisheni kilichohusu juhudi zake za kuchangisha fedha ili watoto wa Odanak wapate bwawa lao la kuogelea, baada ya kuzuiwa kwenye bwawa la mji jirani. Mwaka 1967 wakamwita awe mshauri. Alipoanza kutengeneza filamu zake alikuwa na desturi moja ambayo naiona kuwa siri ya kazi yake yote: huenda kwanza peke yake na kinasa sauti. Hakuna kamera, hakuna taa, hakuna vijana wa kubeba nyaya. Anakaa na mtu, anamsikiliza kwa saa nyingi, na picha zinakuja baadaye. Ukijua hilo utaelewa kwa nini watu kwenye filamu zake hawakai kama wanaohojiwa. Wanakaa kama wanaoendeleza mazungumzo yaliyokwisha kuanza.

Mwaka 1990 mji wa Oka, karibu na Montreal, ulitaka kupanua uwanja wa gofu kutoka mashimo 9 hadi 18. Mahali pa kupanulia palikuwa msitu wa misonobari wa Wamohawk wa Kanehsatake, palipo na makaburi ya wazee wao. Wamohawk wakafunga njia. Tarehe 11 Julai polisi wa jimbo wakavamia kwa mabomu ya machozi, risasi zikalia, na askari mmoja, Koplo Marcel Lemay, akauawa. Wamohawk wa Kahnawake wakafunga daraja la Mercier kuwaunga mkono ndugu zao, na mwezi Agosti jeshi la Kanada likaingia na magari ya deraya. Mambo yaliisha tarehe 26 Septemba, siku 78 tangu yaanze.

Obomsawin alikuwa na filamu nyingine mkononi. Akaiacha akaenda Oka. Wanahabari wengi walikuja na kuondoka kadiri seng'enge za jeshi zilivyozidi kusogea, yeye akabaki ndani na watu, akilala walikolala, akinasa sauti mwenyewe ilipobidi. Kilichotoka, Kanehsatake: 270 Years of Resistance cha mwaka 1993, ni filamu ya karibu saa mbili inayoanza na gofu kisha inarudi nyuma hadi 1717, pale mfalme wa Ufaransa alipowapa mapadri wa Kisulpisi ardhi ambayo haikuwa yake. Hapo ndipo miaka 270 inapotoka. Kwa televisheni za siku zile ule ulikuwa "mgogoro" wa kiangazi kimoja. Kwa filamu hii kiangazi kile kilikuwa siku ya karibuni tu katika kesi moja ndefu.

Watu wengi wanaifahamu Oka kwa picha moja: mwanajeshi kijana na mpiganaji aliyefunika uso, pua kwa pua. Ni picha kali, na imeuza magazeti. Filamu inaingia nyuma ya picha hiyo. Unawaona wanawake wakijadiliana na maofisa na kuwatuliza vijana wao wakati huo huo. Unasikia watu wakitaniana usiku huku taa za jeshi zikiwamulika. Unaona masharti kuhusu chakula kinachoruhusiwa kupita kizuizini, na jinsi kinavyopekuliwa kipande kwa kipande. Na siku ya mwisho, walipoamua kutoka, patashika ilitokea kati yao na wanajeshi, na msichana wa miaka 14, Waneek Horn-Miller, akachomwa singe kifuani akiwa amembeba mdogo wake wa miaka minne. Alipona. Miaka kumi baadaye aliichezea Kanada polo ya majini kwenye Olimpiki ya Sydney.

Mwongozaji mwingine angeishia hapo, filamu ikizunguka matamasha ikibeba tuzo. Obomsawin alirudi mara tatu. Mwaka 1995 akatoa My Name is Kahentiiosta, kuhusu mwanamke aliyekamatwa Oka akashikiliwa siku nne zaidi ya wanawake wenzake kwa sababu upande wa mashtaka haukukubali jina lake la Kimohawk. Mwaka 1997 akatoa Spudwrench: Kahnawake Man, kuhusu mmoja wa wanaume waliokuwa ndani ya kizuizi, ambaye wanajeshi walimpiga vibaya usiku. Kwenye Kanehsatake tunauona uso wake ukiwa umevimba. Kwenye hii tunamwona fundi wa vyuma, wa ukoo wa wale Wamohawk waliojenga madaraja na majengo marefu ya New York, akiwa na familia yake na kazi yake. Mwaka 2000 ikaja Rocks at Whiskey Trench, kuhusu tarehe 28 Agosti 1990, pale msafara wa magari ya wazee, wanawake na watoto ukiondoka Kahnawake kukimbia jeshi uliposhambuliwa kwa mawe na umati wa majirani Wazungu, polisi wakiwepo.

Hizo filamu tatu ndizo zilizonifanya niache kutenganisha mapambano na uponyaji. Nilikuwa nikidhani kwanza watu hupigana, kisha yakiisha huketi kujiuguza. Obomsawin anarudi kwa mtu aliyepigwa na kumpa saa nzima ya kuwa mtu mwenye jina, mke, ufundi na utani, na hiyo ni dawa, na papo hapo ni ukinzani, kwa sababu serikali na magazeti yalikuwa yamekwisha kumpa jina lingine.

Nyuzilandi kulikuwa na mwanamke wa aina yake, Merata Mita, Mmaori aliyezaliwa Maketū mwaka 1942. Filamu yake Bastion Point: Day 507, aliyoiongoza pamoja na wenzake wawili, ni fupi na haina maelezo mengi: tarehe 25 Mei 1978 polisi na jeshi wanawaondoa watu wa Ngāti Whātua kwenye ardhi yao jijini Auckland, waliyoikalia kwa siku 506 kupinga isiuzwe. Watu 222 walikamatwa. Ndani ya filamu wanaimba wakati wanabebwa mmoja mmoja. Muongo mmoja baadaye serikali iliirudisha ardhi ile.

Kisha ikaja Patu! ya mwaka 1983. Timu ya raga ya Afrika Kusini, Springboks, ilizuru Nyuzilandi mwaka 1981, wakati wa ubaguzi wa rangi, na nchi ikagawanyika vipande viwili. Mita alikuwa barabarani na kamera. Mjini Hamilton waandamanaji walivunja uzio wakaingia katikati ya uwanja, mechi ikavunjwa. Zilivyosonga siku, virungu vikazidi na vichwa vikapasuka, waandamanaji wakaanza kuja na kofia za pikipiki. Kwangu mimi, mtu wa bara hili la Afrika, filamu hii ina uzito wa peke yake. Wapo watu upande wa pili wa dunia waliovunjwa mifupa kwa ajili ya Soweto. Lakini Mita haachi jambo liishie kwenye sifa. Wamaori ndani ya filamu wanawauliza Wazungu waliosimama nao: mnaona ubaguzi ulioko Afrika Kusini, huu wa hapa nyumbani mbona hamuuoni? Angeweza kuliondoa swali hilo, filamu ikawa ya kishujaa zaidi na watu wote wakaipenda. Aliliacha kwa kuwa alikuwa wa kwao, na kwao kulikuwa bado hakujapona.

Mita alifariki ghafla mwaka 2010. Mwanawe wa mwisho, Heperi Mita, mtunza nyaraka kwenye hifadhi ya filamu ya taifa, alipekua makasha ya picha za mama yake na kuwahoji ndugu zake wakubwa, akatengeneza Merata: How Mum Decolonised the Screen, mwaka 2018. Ndugu wale walikulia kwenye nyumba ya mapambano, na hawafichi kwamba waliumia: mama aliyekuwa akipigania watu wote, na watoto waliobeba gharama yake. Heperi hamtetei mama yake wala hamshtaki. Anawaachia wakubwa zake nafasi waseme, huku naye akimjua kupitia filamu mama ambaye hakuwahi kumwona akiwa kijana. Natamani kila mtoto wa mwanaharakati aione.

Hadi hapa nimesema habari za makelele. Filamu iliyonifundisha kuhusu kimya ni Angry Inuk ya mwaka 2016, ya Alethea Arnaquq-Baril, Mwinuit wa Iqaluit. Kwa miongo mingi mashirika ya kutetea wanyama yamepiga kampeni dhidi ya uwindaji wa sili, mnyama wa baharini, kwa picha za vitoto vyeupe na damu juu ya barafu. Ulaya ilipiga marufuku ngozi za vitoto hivyo mwaka 1983, ikaja marufuku pana zaidi mwaka 2009. Sheria zote mbili ziliweka kifungu cha kuwaachia Wainuit. Kwenye karatasi walisalimika. Ila soko lenyewe lilianguka, bei ya ngozi ikashuka mpaka mwindaji akashindwa kununua petroli na risasi za kumpeleka kuwinda nyama ya familia yake, katika nchi ambako chakula cha dukani hufika kwa ndege na bei yake haigusiki. Kifungu hicho kilihifadhi haki ya kuuza kitu ambacho hakuna tena wa kukinunua.

Arnaquq-Baril haanzi kwa kuomba radhi. Anakupeleka kwenye barafu, sili anauawa, anachunwa, nyama inaliwa mbichi hapo hapo, inagawiwa kijijini. Anajua hilo ndilo tukio ambalo wapinzani wake wangelitumia, na analiweka mbele makusudi. Kisha anaeleza tatizo ambalo sikuwahi kulifikiria: kwa Wainuit mtu mwenye hasira hapigi kelele. Kupandisha sauti ni dalili ya kushindwa kujitawala, huenda hata ya kuwa na hatia. Sasa watu wa namna hiyo watashindana vipi na mashirika yenye mamilioni, yaliyobobea katika kupaza sauti? Filamu nzima ni jibu lake, la miaka mingi, kwa sauti ya chini. Kuna tukio ambapo anawatafuta wanaharakati ili wazungumze naye, na wanamkwepa. Hatukani. Anaacha kamera ituonyeshe migongo yao wakiondoka.

Kabla ya hapo, mwaka 2010, alikuwa ametengeneza Tunniit, kuhusu michoro ya usoni ya wanawake wa Kiinuit ambayo wamisionari waliipiga vita mpaka ikakaribia kutoweka. Anasafiri kuwauliza wazee wa mwisho wanaokumbuka, wengine wanaona aibu kusema, na mwishowe yeye mwenyewe anachorwa. Leo wanawake wengi wa Kiinuit wanaibeba michoro hiyo. Sidai filamu ndiyo iliyoirudisha, lakini imo.

Brazili kuna kisa ambacho kinaonyesha nguvu hiyo waziwazi. Vincent Carelli, mwanzilishi wa mradi wa Vídeo nas Aldeias, alipowarekodi Wanambikwara katikati ya miaka ya 1980 aliwaonyesha picha papo hapo kwenye televisheni. Walijiona, hawakupenda. Wakasema nguo za kizungu zimezidi. Wakaifanya sherehe upya, wakiwa wamejipaka rangi na kujipamba walivyotaka waonekane, na mambo yakakolea hadi vijana wakatobolewa pua na mdomo, mila iliyokuwa imeachwa kwa zaidi ya miaka 20. Utaona kwamba kamera ilikuwa ya Carelli. Uamuzi ulikuwa wao, na kwa swali la mama yangu hilo nalo ni jibu zuri.

Sasa nije kwenye filamu nilizozitazama kwa shida. Kwa zaidi ya karne moja Kanada ilichukua watoto wa jamii asilia zaidi ya 150,000 na kuwaweka kwenye shule za bweni, nyingi zikiendeshwa na makanisa, kwa lengo la kuwafuta lugha na ukoo. Shule zilipoanza kufungwa, maofisa wa ustawi wa jamii wakaendelea kwa njia nyingine: tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980 watoto wapatao 20,000 walichukuliwa na kupewa familia za Kizungu. Tasha Hubbard, mwongozaji wa Kikrii, alikuwa mmoja wao. Filamu yake Birth of a Family ya mwaka 2017 inawafuata dada watatu na kaka mmoja, wa mama wa Kidene, waliolelewa nyumba nne tofauti, wakikutana wote pamoja kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima, kwa wiki moja mjini Banff. Hakuna jipya linalofichuliwa. Wanatembea, wanapika, wanalinganisha mikono na pua zao. Wanakata keki kwa ajili ya siku zote za kuzaliwa walizozikosa. Hubbard anajua ukimya wa meza hiyo kwa kuwa amekaa meza kama hiyo.

Miaka miwili baadaye akatoa nîpawistamâsowin: We Will Stand Up. Colten Boushie, Mkrii wa miaka 22, alipigwa risasi kwenye shamba huko Saskatchewan mwezi Agosti 2016. Polisi walikwenda usiku kumpa mama yake habari za kifo, wakaizingira nyumba, wakaingia na kuipekua, wakamuuliza kama amekunywa pombe. Alipowaambia alikuwa amemwekea mwanawe chakula kwenye maikrowevu, askari mmoja akaenda kufungua maikrowevu kuhakikisha. Mwenye shamba aliachiwa huru Februari 2018 na jopo la raia ambalo halikuwa na mtu hata mmoja wa asili wa kuonekana. Familia ilikwenda Ottawa, ikaenda Umoja wa Mataifa New York, na mwaka 2019 Kanada ikaondoa utaratibu uliowaruhusu mawakili kuwakataa wajumbe wa jopo bila kutoa sababu. Hubbard anachanganya kesi hiyo na maswali kwa mwanawe mdogo na mpwa wake: nitawalea vipi nchi hii?

Kati ya zote, ninayoirudia zaidi ni Kímmapiiyipitssini: The Meaning of Empathy ya mwaka 2021. Elle-Máijá Tailfeathers ni Mblackfoot kwa mama na Msami, jamii asilia ya kaskazini mwa Ulaya, kwa baba, na mama yake, Dkt. Esther Tailfeathers, ni tabibu katika jamii yao ya Kainai, kusini mwa Alberta, ambako fentanili, dawa kali ya kulevya, iliingia mwaka 2014 na kuanza kuua. Mbishano wa filamu unafahamika popote penye uraibu. Upande mmoja unasema anayetaka msaada aache kabisa kwanza. Upande wa pili unasema marehemu hatibiki, kwa hiyo mpe naloksoni ya kumrudishia pumzi, mpe dawa mbadala, mpe mahali pa kulala hata kama jana alianguka tena. Daktari yuko upande wa pili, na inamgharimu, maana hata ndugu zake wengine hawamwelewi. Waraibu katika filamu hii wana majina, wana ucheshi, wana watoto wanaowapenda. Wakianguka tena kamera haisogei karibu kufaidi machozi. Inangoja. Kuna utani mwingi pia, jambo ambalo wageni hulikosa kila mara wanapopiga picha watu wenye msiba. Tailfeathers ameipa filamu zaidi ya saa mbili na hakuna dakika niliyoona inafaa kukatwa.

Sugarcane ya mwaka 2024 ni nzito kuliko hiyo. Julian Brave NoiseCat na Emily Kassie wanafuatilia uchunguzi wa shule ya bweni ya St. Joseph's Mission huko British Columbia, iliyofungwa mwaka 1981. Baba yake Julian alizaliwa pale mwaka 1959 na kukutwa, kichanga, ndani ya tanuri la kuchomea taka. Filamu inafichua mambo ambayo kanisa liliyafunika, lakini kiini chake nakiona kwenye safari ya gari ya baba na mwana, pale mwana anapomwambia baba kwamba wewe uliyetelekezwa nawe ulinitelekeza. Mwandishi wa habari kutoka mbali asingelipata hilo, na angelipata asingekuwa na haki nalo.

Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyofanya kazi kuanzia 2008 hadi 2015, ilikuwa na desturi kwenye mikutano yake: karatasi laini ambazo watu walifutia machozi zilikusanywa na kuchomwa kwenye moto mtakatifu, zisitupwe na taka. Nafikiria desturi hiyo ninapopima filamu za maumivu. Watengenezaji ninaowaheshimu wanajua machozi waliyoyachukua wameyapeleka wapi.

Kuna watu wanalalamika kwamba filamu za jamii asilia ni msiba juu ya msiba. Hao wamwone Obomsawin akiwa na miaka 85. Our People Will Be Healed ya mwaka 2017, filamu yake ya hamsini, inatupeleka Norway House, Manitoba, kwenye shule iliyopewa jina la Helen Betty Osborne, msichana wa Kikrii wa hapo aliyeuawa mwaka 1971 akiwa na miaka 19. Watoto wanasoma Kikrii, wanapiga fidla kwa makundi, wanapelekwa na walimu wao kwenye safari za mitumbwi. Inafika hadi kwenye Ngoma ya Jua, ibada ambayo sheria za Kanada ziliifanya kosa mpaka mwaka 1951, na tunaiona kwa ridhaa ya wenyewe. Wakosoaji wengine waliiona filamu hii kuwa laini mno. Mimi naiona kuwa imestahili ulaini wake.

Nyingi ya filamu za Obomsawin zinapatikana bure kwenye tovuti ya Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada. Anza na Incident at Restigouche, kisha Kanehsatake kwa siku ambayo huna haraka. Sugarcane usiitazame peke yako, na kama kwenu kuna mtu aliyelelewa mbali na wazazi wake, mwambie mapema inahusu nini kabla hujambonyezea kitufe.